Mtoto, Namba na Lugha: Historia Fupi ya Mafunzo ya Hesabu kwa Wanaoanza Shule katika Afrika Mashariki

I. Utangulizi

Wanaisimu wa Kiswahili wamekwisha kuandika kwa marefu na mapana juu ya ushairi, sarufi, lahaja na msamiati wa siasa. Mintarafu ya lugha ya hesabu, hasa ile anayokutana nayo mtoto katika mwaka wake wa kwanza wa shule, tumeandika machache mno. Yaonekana tumekubaliana kimya kimya kwamba namba ni mali ya idara nyingine, na kwamba kazi yetu huanzia pale maneno yanapoanza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mpaka huo haupo, na kwamba anayeumia kwa sababu ya kuuweka ni mtoto.

Yafaa kwanza nieleze ninachokusudia ninaposema tafakuri ya kihakiki katika hesabu. Sikusudii wepesi wa kukokotoa. Nakusudia uwezo wa mtoto wa kuuliza kama swali lina maana, kueleza alivyolifikia jibu, kulikataa jibu lisilowezekana, na kutambua kwamba njia mbili zaweza kufika mahali pamoja. Uwezo huu hauonekani kwa macho kama jumla zilizoandikwa ubaoni. Huonekana katika usemi. Kwa hiyo mwenye kuuchunguza hana budi kuichunguza lugha.

Hoja zangu ni tatu. Kwanza, mtoto wa Afrika Mashariki haingii shuleni mtupu wa hesabu, wala lugha yake si tupu. Pili, historia ya shule zetu kwa kiasi kikubwa ni historia ya kubadilisha lugha ya hesabu pasipo kuuliza mtoto anafikiri kwa lugha gani. Tatu, Kiswahili chenyewe kina mitego yake, na ni wajibu wetu sisi, si wa walimu wa hisabati pekee, kuifichua.

II. Yaliyomo katika majina ya namba

Tuanze na majina yenyewe. Kiswahili sanifu huhesabu kwa maneno ya Kibantu kuanzia moja hadi tano, na tena katika nane na kumi. Sita, saba na tisa yametoka Kiarabu. Zamani lugha yetu ilikuwa na tandatu, mfungate na kenda. Kenda ingali ikisikika, na mfungate imebaki katika neno fungate, yaani siku saba za bwana na bibi harusi. Majirani wa pwani hawakuyaacha maneno haya. Mgiriama husema handahu, fungahe na chenda.

Mabadiliko haya si ya msamiati tu. Katika Kigiriama tatu ni hahu na sita ni handahu. Katika Kikuyu tatu ni ithatũ na sita ni ithathatũ. Mtoto anayesikiza vizuri aweza kusikia ndani ya sita zile tatu mbili zilizoiunda. Nane nayo, kwa maoni ya wanaisimu wengi wa Kibantu, ni nne iliyorudiwa. Katika Kijaluo sita ni auchiel na saba ni abiriyo, na ndani yake mna achiel na ariyo, yaani moja na mbili zilizoongezwa juu ya tano ya mkono. Lugha hizi humpa mtoto somo la kugawanya namba katika sehemu zake kabla hajashika kalamu. Kiswahili kilipochukua sita na saba kilipoteza sehemu ya somo hilo.

Lakini mahali pengine Kiswahili kimejaliwa. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: hapa muundo wa makumi na mamoja u wazi kabisa, ilhali mtoto wa Kiingereza hana budi kukariri majina mawili yasiyomwambia lolote kabla ya kuona utaratibu. Ikumbukwe kwamba pwani palikuwa na njia ya pili, yaani thenashara, thelathatashara, arubatashara na kuendelea, na kwamba njia iliyo wazi ndiyo iliyoshinda shuleni. Uwazi huo hukatika tena tufikapo ishirini, thelathini na arubaini. Mkuyu mdogo husema mĩrongo ĩĩrĩ, makumi mawili; Mswahili mdogo husema ishirini, wala hakuna kitu katika neno hilo cha kumwonyesha kwamba ni kumi mara mbili. Neno mwongo tulikuwa nalo. Mabaharia na wakulima wa pwani waligawa mwaka wao kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, na leo twalitumia kwa miaka kumi. Halikupewa kazi darasani.

Kuna jambo la tatu ambalo mwanasarufi huliona upesi na mwalimu wa hesabu huenda asilione. Namba mbili ina sura kadhaa: tunahesabu mbili, tunasema watoto wawili, vikombe viwili, mayai mawili, na tunapanga kwa kusema wa pili. Mtoto lazima atambue kwamba hizi zote ni namba moja iliyovaa ngeli mbalimbali. Afikapo sita, nguo hizo zavuliwa: watoto sita, vikombe sita, mayai sita. Halafu nane huzivaa upya, na tisa huzivua. Mtoto mwenye Kiswahili cha nyumbani haoni tabu. Yule anayejifunza Kiswahili na hesabu siku moja na mwalimu mmoja ana mizigo miwili kichwani, na akikosea mwalimu huenda asijue ni mzigo upi ulioanguka.

III. Hesabu za nje ya darasa

Je, mtoto huyu alikuwa na hesabu gani kabla ya shule? Katika miji ya pwani alikuwa na vipimo. Vibaba viwili vilikuwa kisaga, na visaga viwili pishi. Shubiri mbili zilikuwa mkono mmoja, na mikono minne pima. Mtoto aliyetumwa kupima mchele alijifunza kuongeza maradufu na kukata nusu kwa vitendo. Watu wazima walikuwa na sehemu za namba zenye majina kamili: nusu, robo, thumni, thuluthi, sudusi. Maneno hayo yalihitajiwa katika kugawa mirathi, kazi ambayo kosa dogo la hesabu huweza kuwa dhuluma.

Alikuwa na michezo pia. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 mkononi. Wanaojifunza huanza kwa kete mbili katika kila shimo. Anayecheza bila kuona mbele ataliwa. Hapana budi aseme moyoni: nikianzia hapa nitaishia pale, na mwenzangu atafanya hivi. Huko ni kuwaza kwa masharti, na mtoto hujifunza kwa kutazama wakubwa barazani. Wasichana katika mdako walirusha kijiwe, wakazoa vingine kabla hakijaanguka, na kuhesabu kwa vidole kuliko kwa kinywa.

Bara palikuwa na desturi nyingine ambayo wageni waliielewa vibaya. Jamii nyingi zilikataza kuhesabu watu au mifugo kwa kuwataja namba. Baadhi ya waandishi wa zamani walichukua mwiko huo kuwa ushahidi wa uduni wa akili. Ukweli ni kwamba mchungaji aliyejua ng'ombe mmoja amekosekana, kwa kuyajua yote kwa rangi, pembe na ukoo, alikuwa amelinganisha kundi la asubuhi na kundi la jioni moja kwa moja. Wakikuyu walikuwa na koo kumi, nao walizitaja kuwa kenda mũiyũru, yaani tisa iliyojaa. Anayesema tisa iliyojaa amekwisha kuhesabu kumi na akaamua, kwa sababu zake, kutoitamka.

Kalenda na saa zetu nazo zimejaa maswali. Jumatano ni siku ya tano kuanzia Jumamosi. Kesho yake ni Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo maana yake ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza hesabu yao siku ya Jumapili. Juma letu, basi, lina siku za tano mbili zilizofuatana. Sindano ya saa ikielekea 7, sisi husema ni saa moja asubuhi, kwa kuwa tunahesabu tangu kucha. Mtoto mdadisi akiuliza kwa nini saa inasema saba na mama anasema moja, ameuliza swali zuri la hisabati: hesabu huanzia wapi? Ni walimu wangapi humjibu kwa kumwambia ni sita tu za kuongeza au kutoa, na ni wangapi humwambia anyamaze aandike?

IV. Shule na lugha yake, hadi 1967

Wamishonari waliokutana Nairobi mwaka 1909 walipendekeza kwamba lugha za wenyeji zitumiwe katika madarasa matatu ya mwanzo, Kiswahili katika mawili ya kati, na Kiingereza baada ya hapo. Tume ya Phelps-Stokes, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, nayo ilitetea lugha za wenyeji katika elimu ya mwanzo. Katika mashauri hayo lugha ilitazamwa kama chombo cha kusomea na cha dini. Hesabu ilihesabiwa kuwa kitu kisichohitaji lugha, kitu cha ubao na kibao. Mtoto alikariri majedwali, akahesabu fedha, akapima mashamba ambayo mara nyingi hayakuwa yake.

Fedha zenyewe zilitoa somo ambalo halikutumiwa. Rupia ilikuwa na pesa 64, ikakatika nusu kwa nusu hadi mwisho. Mapema katika miaka ya 1920 ikaja shilingi ya senti 100. Neno thumni, ambalo asili yake ni sehemu moja ya nane, likabaki mdomoni mwa watu wa Kenya kuwa jina la senti hamsini, yaani nusu ya shilingi. Neno lilishikamana na sarafu, na namba iliyokuwa ndani yake ikasahauliwa. Ni mfano mdogo, lakini unaonyesha jinsi maneno ya hesabu yanavyoweza kuendelea kusemwa baada ya fikra yake kuondoka. Ndilo litokealo darasani mtoto akariripo bila kuelewa.

Mwaka 1957 ulianza Nairobi mpango wa kufundisha masomo yote kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kwanza katika shule za watoto wa Kiasia, na baadaye, chini ya jina la Mbinu Mpya ya Shule za Msingi, katika shule nyingi za Kiafrika. Haki itendeke: mpango huo ulileta vifaa, shughuli za vikundi, na mtoto anayeshika vitu badala ya kutazama ubao tu. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza tangu mwanzo. Hivyo mtoto wa Kenya alipewa vijiti vya kuhesabia, akanyang'anywa maneno ya kusemea alichokiona katika vijiti hivyo. Mbinu ilimwalika afikiri, na lugha ikamzuia kueleza.

Tanzania ilichukua njia nyingine. Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa maandishi ya Mwalimu Nyerere juu ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Ilibidi istilahi zitungwe na vitabu viandikwe. Maneno kama seti, kipeo, wastani na pembetatu yakawa ya watoto wa kijijini. Jambo hilo halijapewa uzito unaostahili katika historia ya lugha yetu.

V. Entebbe, Wakpelle na hisabati mpya

Wakati huo huo kulikuja wimbi kutoka mbali. Baada ya Urusi kurusha chombo cha Sputnik mwaka 1957, Wamarekani walifanya haraka kugeuza mafunzo yao ya hisabati. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu wa Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Afrika walikutana Entebbe, Uganda, wakaandika vitabu vya hisabati kwa ajili ya shule za Afrika, tangu darasa la kwanza. Mtoto wa miaka sita alianza na seti na ulinganisho wa moja kwa moja kabla ya kujumlisha. Nia ilikuwa njema: aelewe kabla ya kukariri. Vitabu viliandikwa kwa Kiingereza.

Ni kutokana na mradi huo ndipo ulipozaliwa uchunguzi ambao wanaisimu wanapaswa kuujua. Huko Liberia, John Gay na Michael Cole walitaka kujua kwa nini watoto wa Kikpelle walitatizwa na hisabati mpya. Badala ya kupima walichokosa, walichunguza walichokuwa nacho: maneno yao ya namba, vipimo, makundi na mabishano ya mahakamani. Katika kitabu chao cha mwaka 1967 walieleza kwamba katika kukadiria kiasi cha mchele Wakpelle waliwashinda Wamarekani. Walikuwa na kipimo, walikuwa na neno lake, na walikuwa na sababu ya kulitumia. Claudia Zaslavsky naye, mwaka 1973, alikusanya mifano ya namba na michezo kutoka pembe nyingi za Afrika, ya Afrika Mashariki ikiwemo.

Hisabati mpya haikudumu. Wazazi hawakuielewa, walimu wengi hawakuwa wameandaliwa, na Kenya iliiacha mapema katika miaka ya 1980. Wengi walisema ilikuwa ngumu mno kwa watoto. Mimi naona kosa halikuwa katika kumtaka mtoto afikiri. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kwa kuwa seti ni dhana ya watu wote, basi lugha ya kuisemea haina uzito.

VI. Anachojibu mtoto

Yamkini msomaji atasema kwamba mtoto wa miaka sita hawezi kuhakiki. Hoja hii mara nyingi huegemezwa kwa Jean Piaget, ambaye katika kitabu juu ya asili ya namba kwa mtoto, kilichotoka mwaka 1941, alionyesha kwamba watoto wadogo, wakiona safu mbili za vitu vilivyo sawa kwa idadi, kisha safu moja ikatandazwa, husema kwamba ile ndefu ina vingi zaidi.

Katika miaka ya 1970 James McGarrigle na Margaret Donaldson, huko Scotland, walirudia jaribio hilo kwa mabadiliko madogo: safu ilivurugwa na dubu mtukutu wa kuchezea badala ya mtu mzima. Watoto wengi zaidi sasa walisema idadi ni ile ile. Maelezo ya Donaldson, katika kitabu chake cha mwaka 1978, yanatuhusu sana. Mtoto husikiliza zaidi ya maneno. Husikiliza anayeuliza na nia yake. Mtu mzima akipanga vitu makusudi, kisha akarudia swali lile lile, mtoto hudhani jibu lake la kwanza lilikataliwa. Ni nani miongoni mwetu hajaona mwalimu akirudia swali, na darasa zima likabadilisha jibu lililokuwa sahihi?

Mfano wa pili watoka Ufaransa. Karibu na mwaka 1980 watafiti wa Grenoble waliwauliza wanafunzi 97 wa madarasa ya chini swali hili: katika jahazi mna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Wanafunzi 76 walitoa jibu kwa kutumia namba hizo. Stella Baruk aliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1985. Watoto wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wamejifunza vizuri mno kwamba shuleni kila swali lina jibu, kila namba iliyotajwa ni ya kutumiwa, na kwamba si kazi yao kuuliza kama swali lina maana. Mtoto huyo huyo, mtu akimwuliza hayo jahazini, angecheka.

Mwaka huo huo wa 1985 ulichapishwa uchunguzi wa watoto watano wachuuzi wa Recife, Brazili, wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Sokoni walijibu sawasawa asilimia 98 ya maswali ya bei na chenji. Hesabu hizo hizo zilipoandikwa kama zoezi tupu la shule, walipata asilimia 37. Sokoni walisema kwa sauti walichofikiri. Karatasini walitafuta kanuni waliyoikumbuka nusunusu.

VII. Mitego ya istilahi zetu

Ningekuwa mnafiki kama ningedokeza kwamba tukifundisha kwa Kiswahili mambo yatajinyosha yenyewe. Tuitazame istilahi yenyewe.

Juma ana maembe manane na Asha ana matano. Juma amemzidi Asha kwa maembe mangapi? Jibu ni matatu, nalo hupatikana kwa kutoa. Lakini mtoto aliyefundishwa kwamba alama ya kuzidisha ni ya kuzidisha husikia zidi, akaandika arubaini. Kwa mwanasarufi tofauti ni kiambishi kimoja: kuzidi ni hali ya kupita kingine, kuzidisha ni kusababisha kupita. Katika usemi wa kila siku aliyezidisha chumvi ameitia kupita kiasi. Kihisabati, kuzidisha kwa moja hakuongezi chochote, na kuzidisha kwa nusu hupunguza. Neno limemwahidi mtoto jambo ambalo hisabati hailitimizi.

Kutoa nalo ni hivyo hivyo. Nyumbani hutoa ni kumpa mtu au kutia nje. Katika swali la Juma na Asha hakuna embe lililotoka mahali popote. Kiswahili kilikuwa na neno kasoro: kumi kasoro tatu, saa mbili kasorobo. Kasoro hueleza upungufu na ulinganisho pasipo kuondoa kitu. Lilifaa kuwekwa kando ya kutoa katika madarasa ya mwanzo.

Kugawa ni mtego wa mila. Mpe mtoto mandazi sita agawe kati yake na kaka yake, naye ampe kaka manne. Mwalimu ataandika alama ya kosa. Lakini mtoto amegawa kwa haki aijuayo, ya mkubwa kupewa zaidi. Hakuulizwa kugawa sawasawa, na neno gawa halidai usawa. Mwalimu mwenye busara angemwuliza sababu, na mtoto angeieleza, na hapo ndipo darasa lingejua kwa nini hisabati huhitaji neno sawasawa.

Linalonisikitisha zaidi ni neno sawa. Katika hesabu ndilo moyo wa kila mlinganyo: tatu na mbili ni sawa na tano. Lakini darasani mwalimu huuliza, "Sawa?", na watoto huitikia kwa pamoja, "Sawa!" Hapo sawa imekuwa alama ya utii. Kadhalika ile desturi ya mwalimu kukata neno nusu ili darasa limalizie: "Hii ni nam...?" na watoto, "...ba!" Darasa lina sauti, lina furaha hata, lakini hakuna aliyefikiri zaidi ya silabi moja.

VIII. Kenya tangu 1976

Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirudisha lugha ya eneo la shule katika miaka mitatu ya mwanzo. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili somo la lazima lenye mtihani. Mtaala wa umilisi, uliojaribiwa kuanzia 2017 na kuanzishwa katika shule zote mwaka 2019 kwa madarasa ya awali hadi gredi ya tatu, umeweka kuwaza kwa kina na kutatua matatizo miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na umeshikilia lugha ya eneo katika gredi tatu za mwanzo. Katika karatasi, basi, mambo yote mawili ninayoyatetea yamekubaliwa.

Lakini vitabu vya shughuli za hisabati vya gredi hizo vimeandikwa kwa Kiingereza. Mwalimu hufasiri papo hapo, kila mmoja kwa maneno yake. Mmoja husema kuongeza, mwingine kujumlisha, wa tatu plasi. Watoto wa mijini aghalabu huja wakijua kuhesabu kwa Kiingereza na kusimulia kwa Kiswahili au kwa Sheng. Sioni aibu katika mchanganyiko huo. Mtoto hufikiri kwa alichonacho. Naona aibu kwamba mtaala unadai maelezo kutoka kwa mtoto, ilhali sisi wenye lugha hatujampa mwalimu wake hata orodha fupi ya maneno yaliyopimwa.

Pingamizi lililo zito latoka Tanzania. Huko Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia tangu 1967, na kukariri kwa pamoja hakukukoma. Nakubali. Lugha ya mtoto ni sharti la tafakuri. Haitoshi peke yake. Mwalimu mwenye watoto wengi kupita kiasi na mtihani mbele yake atakaririsha kwa lugha yoyote. Hata hivyo, mwalimu wa Kiswahili akiamua kuuliza sababu, mtoto ataweza kumjibu. Kwa lugha ambayo mtoto haijui, mwalimu hata akiamua, hataweza kujibiwa.

IX. Hitimisho

Napendekeza kazi tatu kwa idara zetu. Ya kwanza ni kukusanya maneno ya namba, vipimo na ulinganisho katika lugha zetu na lahaja za Kiswahili, pamoja na jinsi watoto wanavyoyatumia. Ya pili ni kuipima istilahi ya hesabu ya madarasa ya mwanzo pamoja na walimu, tukianza na zidi, toa, gawa na sawa. Ya tatu ni kuchunguza maswali ya walimu kama tunavyochunguza mashairi: yana umbo gani, na yanamwachia mtoto nafasi gani.

Kiswahili kina swali la neno moja linalofaa kazi hii: "Umejuaje?" Nakiri kwamba nyumbani swali hili mara nyingi lina harufu ya shutuma, mtoto huulizwa hivyo anapotaja jambo ambalo hakupaswa kulijua. Ndiyo maana darasani huenda akanyamaza. Lakini mtoto huyo huyo amezoea vitendawili, ambamo anayeshindwa hutoa mji, na anayejibu aweza kubishana na kutetea jibu lake mbele ya wakubwa bila kuitwa mkaidi. Desturi ya kuuliza na kutetea tunayo. Iliachwa nje ya mlango wa darasa la hesabu, na kuirudisha ndani ni kazi inayotuhusu sisi wa lugha sawasawa na wenzetu wa namba.